Kitanzi na Maambukizi ya Via vya Uzazi: Hatari Iko Wapi?

Mada iliyotolewa na Ofisi ya Miradi ya Dayosisi katika semina ya Kamati za Diakonia na Idara za Wanawake, Kimara



Tunawashukuru kwa kuacha shughuli zenu za Jumamosi na kuja kusikiliza jambo ambalo kwa kawaida tunalisema kwa kunong'ona. Tunafurahi pia kuona akina baba wengi kiasi hiki, maana sehemu kubwa ya mada hii inawahusu wao, ingawa barua ya mwaliko haikusema hivyo.

Kamati za sharika mbili zimetuandikia zikitaka mradi wetu wa afya ya familia uache kabisa kutaja kitanzi katika semina za akina mama. Mfadhili mmoja naye ameuliza kama fedha zake zinawapeleka wanawake kwenye madhara. Barua hizo hazikuandikwa kwa chuki. Ziliandikwa baada ya mama mmoja wa jumuiya zetu kulazwa hospitalini akiwa na homa kali na maumivu ya tumbo la chini, wiki ya pili baada ya kuwekewa kitanzi. Tumemtembelea, yeye na mumewe, na wameturuhusu tueleze yaliyowapata bila kuwataja. Tutafika huko. Kwanza tukubaliane tunazungumzia nini.

Kitanzi cha siku hizi ni kifaa kidogo cha plastiki chenye umbo la herufi T, kilichozungushiwa shaba, kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi na mhudumu aliyefunzwa. Kina nyuzi nyembamba zinazotokeza kwenye mlango wa kizazi ili ijulikane kwamba bado kipo mahali pake. Shaba hiyo huzidhoofisha mbegu za kiume zisilifikie yai. Ndiyo kazi yake kubwa, kwa wale waliotuuliza kama kitanzi ni njia ya kutoa mimba. Kinafanya kazi kwa miaka 10 na zaidi, na katika mwaka wa kwanza, kati ya wanawake 100 wanaokitumia, wanaopata mimba hawafiki hata mmoja. Hakina homoni, hivyo kinamfaa anayenyonyesha na yule ambaye shinikizo la damu linamzuia kutumia baadhi ya vidonge. Iko pia aina yenye homoni. Hakizuii Ukimwi wala magonjwa ya zinaa, na cha shaba huongeza damu ya hedhi na maumivu, hasa miezi ya mwanzo. Mama asipoambiwa haya mapema atadhani amedhurika.

Jina lenyewe limekiponza. Vifaa vya kwanza vilivyosambaa duniani miaka ya 1960 vilikuwa vya plastiki iliyopindwapindwa, vikaitwa lupu, nasi tukasema kitanzi; neno lilelile la kamba ya mtu aliyehukumiwa kunyongwa. Huwezi kumlaumu mama anayesita akiambiwa nenda ukawekewe kitanzi. Matokeo ya utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 yanaonyesha kwamba wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa ni asilimia 31, na vipandikizi peke yake ni asilimia 14. Kitanzi kinafuata kwa mbali sana.

Sasa ugonjwa. Maambukizi ya via vya uzazi vya ndani wengi wenu mnayajua kwa jina la PID, kwa sababu ya mabango yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme barabara nzima ya Morogoro, yakiahidi kutibu PID, ugumba na nguvu za kiume kwa chupa moja. Tafadhalini, hiyo chupa tuiache. Ugonjwa huu hutokea vijidudu vinapopanda kutoka ukeni, vikapita mlango wa kizazi na kufika kwenye mfuko wa uzazi na mirija. Mara nyingi ni vijidudu vya kisonono na klamidia, ingawa viko vingine. Mirija ikipata makovu huweza kuziba, na hapo ndipo unapokuja ugumba, mimba kutunga nje ya mfuko wa uzazi, na maumivu yasiyokwisha. Klamidia ina hila zaidi, kwani wanawake wengi walioambukizwa hawana dalili yoyote.

Kitanzi hakizai vijidudu. Kinatoka kiwandani ndani ya pakiti iliyotakaswa. Kinachoweza kutokea ni kwamba wakati wa kuwekwa kinapita kwenye mlango wa kizazi, na kama pale pana vijidudu, kinaviingiza ndani. Vilevile kifaa kichafu au mkono mchafu unaweza kuingiza vyake.

Hata hivyo hofu ya watu ina historia na tusiidharau. Mwaka 1971 kampuni ya A.H. Robins ya Marekani ilianza kuuza kitanzi kilichoitwa Dalkon Shield. Uzi wake haukuwa uzi mmoja laini. Zilikuwa nyuzi mamia zilizofungwa pamoja ndani ya ganda, nazo zikawa zinapandisha unyevu wa ukeni hadi ndani ya kizazi, kama utambi wa koroboi unavyopandisha mafuta ya taa. Wanawake waliugua, wengine wakawa wagumba, wengine walishika mimba kitanzi kikiwa ndani wakafa kwa maambukizi. Mauzo yalisimamishwa Marekani mwaka 1974. Mwaka 1985 kampuni iliomba kinga ya mufilisi, na waliowasilisha madai walizidi 300,000. Kabla ya hapo vitanzi hivyo vilikuwa vimesafirishwa pia kwenda nchi maskini kwa njia ya misaada, vingine vikiwa katika mafungu makubwa ambayo hayakutakaswa, kwa sababu kwa namna hiyo bei ilikuwa nafuu. Wafadhili wetu mliopo mtatuvumilia tukisema kwamba kisa hicho kinastahili kusomwa na kila anayetoa msaada wa afya. Vitanzi vinavyotumika leo vina nyuzi za namna nyingine, zisizofyonza. Lakini jina baya lilibaki, na bibi zetu walilisikia.

Baada ya hapo watafiti walirudi kupima upya. Mwaka 1992 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio ya Shirika la Afya Duniani uliohusu vitanzi 22,908 vilivyowekwa katika nchi mbalimbali. Kwa wastani, kati ya wanawake 1,000 wanaotumia kitanzi kwa mwaka mmoja, waliopata maambukizi hawakufika 2. Ila maambukizi hayo hayakutawanyika sawasawa katika muda. Katika siku 20 za kwanza baada ya kuwekewa, hatari ilikuwa zaidi ya mara sita kuliko baadaye. Baada ya siku hizo ilishuka na kubaki chini, mwaka baada ya mwaka, hadi miaka minane.

Tunaomba mtulie hapa kidogo. Kama kitanzi chenyewe kingekuwa ndicho kinachozalisha ugonjwa, hatari ingeongezeka kadiri kinavyokaa mwilini. Haiongezeki. Inapanda wiki tatu za mwanzo kisha inashuka. Maana yake tatizo linaingia siku ile ya kuwekewa: ama vijidudu vilikuwepo kwa mama tayari, ama vimeletwa na vifaa. Kwa hiyo tukitaka kumlinda mama, tuangalie siku hiyo na zile siku 20 zinazofuata.

Wengine mtasema hizo ni takwimu za Wazungu, magonjwa ya zinaa kwetu ni mengi zaidi. Hoja hiyo ni ya haki. Mwaka 1990 ulichapishwa utafiti uliofanyika Nairobi kwa wanawake 1,813 waliowekewa kitanzi, nusu wakipewa dawa ya doksisaiklini ya kuzuia maambukizi na nusu wakipewa kidonge kisicho na dawa. Waliopewa dawa, asilimia 1.3 walipata maambukizi. Ambao hawakupewa, asilimia 1.9. Tofauti hiyo ilikuwa ndogo mno kuthibitisha kwamba dawa ndiyo iliyosaidia. Kinachotugusa sisi ni kile kiwango chenyewe. Katika jiji la jirani, lenye magonjwa ya zinaa kama letu, hata kundi lisilopewa dawa wagonjwa hawakufika 2 kati ya 100. Si kwamba hakuna. Hao wawili ni mama zetu na dada zetu, na mmoja wao anaweza kuwa ndiye aliyefanya tuitane hapa. Lakini si ule ugonjwa wa kila mtu unaosimuliwa kwenye foleni ya maji.

Kuhusu ugumba, mwaka 2001 watafiti waliofanya kazi Mexico City kwa wanawake 1,895 walikuta kwamba waliozibwa mirija hawakuwa wametumia kitanzi cha shaba zaidi ya wengine. Walichowazidi wenzao ni alama za klamidia katika damu. Nao akina mama wanaoishi na virusi vya Ukimwi wametuuliza kama wao wamefungiwa mlango. Hapana. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, anayetumia dawa zake na hali yake ni njema anaweza kuwekewa.

Sasa turudi kwa yule mama. Ana watoto wanne, na alitaka kupumzika. Alikwenda siku ya huduma ya wazi katika kituo kimoja ambacho hatutakitaja, ambapo wanawake wengi walihudumiwa kwa siku moja. Anasema hakuulizwa swali lolote zaidi ya jina, umri na hedhi ya mwisho. Hakupimwa ndani kabla. Hakupewa tarehe ya kurudi. Siku ya tisa alianza kupata maumivu na homa. Jirani akamwambia ndivyo kilivyo, mwili unazoea. Akanunua vidonge viwili vitatu dukani. Alipofika hospitali alikuwa hawezi kunyooka.

Hospitalini daktari aliomba mume naye aje. Baba yule, na tunamheshimu kwa hili, alieleza mwenyewe kwamba mwezi mmoja kabla alikuwa ametokwa na usaha akachomwa sindano katika zahanati ya binafsi, akapona, akanyamaza. Aliogopa ndoa yake. Mke wake hakuwa na dalili, kwa hiyo hakujua kwamba anahitaji dawa. Akaenda kuwekewa kitanzi akiwa na vijidudu mlangoni.

Mama alipewa dawa za aina kadhaa kwa siku 14, akazimaliza, na amepona. Na hili linawashangaza wengi: kitanzi hakikutolewa. Mwongozo unasema aliyekwisha kuwekewa akiugua, hutibiwa kikiwa ndani, na hutolewa tu kama mwenyewe anataka au kama dawa hazionyeshi nafuu ndani ya siku mbili au tatu. Yeye alichagua kubaki nacho. Ambaye bado hajawekewa ni tofauti kabisa: akiwa na usaha kwenye mlango wa kizazi, kisonono, klamidia au maambukizi ya ndani, haruhusiwi kuwekewa mpaka atibiwe apone.

Ndugu zetu walioandika barua waliona kitanzi. Sisi tukiangalia kisa hiki tunaona mambo matatu yaliyokosekana kabla kitanzi hakijatolewa kwenye pakiti: maswali, kipimo cha mkono na macho cha mhudumu, na tarehe ya kurudi. La nne lilikosekana nyumbani. Tukifuta neno kitanzi kwenye semina zetu, yule baba angechomwa sindano vilevile, na mama angebaki na kisonono chake vilevile, labda na mimba ya tano juu yake.

Maswali si kazi rahisi. Utamuulizaje mama wa Kimara Baruti au wa Temboni, mbele ya mwenzake wa jumuiya, kama mume wake anatembea nje? Atasema hapana, na hata kama anajua, atasema hapana. Kwa hiyo wawezeshaji wetu tumewaelekeza wasimhoji. Wamweleze faraghani mambo yanayoleta hatari: mwenzi aliyetokwa na usaha au kupata vidonda, mwenzi mwenye mwanamke mwingine, ugonjwa wa zinaa miezi michache iliyopita. Kisha wamwachie ajipime mwenyewe. Akiona hatari ipo, achague sindano au kipandikizi, na kondomu juu yake, bila kulazimishwa kutoa sababu. Ndiyo, tumetaja kondomu kanisani. Wapo wake waaminifu katika sharika hizi ambao kwao ni kinga ya pekee, na wachungaji wanaosikiliza maungamo wanajua tunachosema.

Kwa akina baba ujumbe ni mfupi. Ukitibiwa peke yako ni kutwanga maji kwenye kinu. Utapona Jumatatu na kuambukizwa tena na mkeo wiki ijayo, ugonjwa ambao wewe ndiye uliompa. Vituo vya afya hutoa karatasi ya kumwita mwenzi aje atibiwe. Wengi huiacha mfukoni mwa suruali mpaka inafuliwa. Tunapendekeza kila usharika utenge jioni moja katika kila robo mwaka kwa ajili ya akina baba peke yao, na mhudumu wa afya wa kiume awepo, wazungumze bila mama mchungaji kuwa karibu. Tuliona katika mikutano ya majaribio kwamba maswali yanaanza baada ya nusu saa, mara nyingi yakitanguliwa na maneno "kuna rafiki yangu mmoja".

Sasa tuangalie vituo vyenyewe. Kuweka kitanzi kwa usalama kunahitaji maji yanayotiririka, glavu, dawa ya kusafishia mlango wa kizazi, vifaa vilivyotakaswa, taa inayoonyesha, na mhudumu ambaye hakimbizwi na foleni. Vifaa vinavyotumika kwa zaidi ya mama mmoja huoshwa kwanza, kisha hutakaswa kwenye mtungi wa mvuke: nyuzijoto 121 kwa dakika 30 vikiwa vimefungwa, dakika 20 vikiwa wazi. Umeme ukikatika dakika ya kumi, hesabu inaanza upya. Maji ya Ruvu Juu yanafika kwenye matangi ya Kimara, kila mtu anayaona, lakini aliye juu ya kilima anajua idadi ya siku anazosubiri, na mgao wa mwaka 2022 mto Ruvu ulipopungua hatujausahau. Zahanati isiyo na tangi lake, siku maji yanapokatika, hunawa kwa kopo. Hapo ndipo hatari ya siku 20 inapotengenezwa.

Kwa sababu hiyo hatuwaombi fedha za kununua vitanzi. Katika vituo vya serikali huduma ya uzazi wa mpango hutolewa bila malipo, ingawa hatuwezi kulala usingizi: Marekani ilipofunga shirika lake la misaada la USAID mwaka 2025, wengi tulijifunza ni kiasi gani cha huduma zetu kilikuwa kinaning'inia kwenye uzi mmoja. Tunawaomba sharika na wafadhili matangi ya maji, mitungi ya mvuke inayoweza kutumia gesi pamoja na umeme, na pazia. Msicheke. Chumba kisicho na pazia hakiwezi kuuliza swali la siri. Mnada mmoja wa baada ya ibada, mbuzi wawili na mikungu ya ndizi, unatosha kwa mapazia ya zahanati nzima.

Kuhusu barua, msimamo wa ofisi ni huu. Mradi utaendelea kueleza kitanzi pamoja na njia nyingine zote, faida na madhara yake, na uamuzi utabaki wa mama na mume wake. Lakini kuanzia robo hii hatutamwelekeza mama yeyote kwenye kituo kisichompima kabla, kisichotakasa vifaa ipasavyo, au kisichompa tarehe ya kurudi kati ya wiki ya tatu na ya sita. Kituo kikiwa cha kanisa, sharti ni lilelile. Hatutashiriki tena siku za huduma ya wazi ambazo mafanikio yake yanahesabiwa kwa idadi ya waliowekewa. Tunajua takwimu za ripoti zitapungua, na wafadhili wetu tunawaomba mzisome hivyo.

Wawezeshaji wa jumuiya nao wamepewa kazi mpya. Mama akiwekewa kitanzi, na akiridhia, mwezeshaji atampitia nyumbani mara mbili ndani ya siku 20. Ataangalia homa, maumivu makali ya tumbo la chini, maumivu wakati wa tendo la ndoa, uchafu wenye harufu, hedhi iliyokosekana, nyuzi zisizoonekana. Likiwepo hata moja, ni hospitali siku hiyohiyo. Si dukani, si kwa mwenye bango, na jirani asiseme mwili unazoea. Nauli ya bodaboda itatoka kwenye mfuko wa Diakonia wa usharika, na tunaomba wahazini wasiisubirishe mpaka kikao.

Fomu za maombi ya matangi na mitungi zipo kwa makatibu wa sharika. Tunaomba zionyeshe kama zahanati inayoombewa ina fundi wa kuifanyia mitungi matengenezo, kwa kuwa tunayo tayari miwili iliyokaa stoo kwa kukosa raba ya mfuniko. Sasa tunakaribisha maswali. Akina baba tutawapa nafasi ya kwanza, na anayetaka kuuliza kwa niaba ya rafiki yake anaruhusiwa.